Mitokondria: Uliikariri kama kiwanda cha nguvu, hukuambiwa ndiyo pia huiua seli

KAMA ulipitia Kidato cha Kwanza hapa Kenya, kuna sentensi moja ya Baiolojia ambayo hata ukiamshwa saa tisa usiku utaitema bila kukosea: mitokondria ni kiwanda cha nguvu cha seli. Mwalimu alichora kitu kama haragwe lenye mikunjo ndani, ukakinakili, ukapata alama mbili, maisha yakasonga.

Sasa, hiyo ilikuwa nusu ya hadithi. Hicho kidude kinachoipa seli nguvu ya kuishi ndicho pia kinachobeba amri ya kuiua. Na siku hizi ambapo kila ukifungua simu kuna mtu anauza “stem cell” za kutibu kuanzia kisukari hadi mapenzi yaliyokufa, nusu ile nyingine ya hadithi inaweza kuokoa pesa zako. Pengine na macho yako, kama tutakavyoona.

Twende polepole. Nguvu ambayo mitokondria hutengeneza inaitwa ATP. Ichukulie kama tokeni za stima. Chakula ulichokula na oksijeni unayovuta vinaingia humo, tokeni zinatoka, na kila kazi ya seli inakatwa kwenye hizo tokeni. Seli ya misuli ya moyo, kwa sababu haina likizo hata siku moja, imejazwa mitokondria hadi zinachukua karibu theluthi moja ya nafasi yake yote.

Kitu kingine mwalimu aliruka: mitokondria si mwenyeji wa asili humo ndani. Zamani sana, zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, ilikuwa bakteria inayojitegemea. Ikamezwa na seli nyingine, lakini badala ya kuyeyushwa ikabaki kama mpangaji. Mwanabiolojia wa Marekani, Lynn Margulis, alichapisha hoja hiyo mwaka wa 1967 baada ya majarida kadhaa kumfungia mlango. Leo ndiyo inayofundishwa. Ushahidi upo wazi: mitokondria ina DNA yake yenyewe, iliyofungwa mduara kama ya bakteria, yenye jeni 37 tu. Na DNA hiyo unairithi kwa mama. Kwa hiyo nguvu unazotumia kukimbiza matatu ya mwisho pale stejini umeachiwa na nyanya yako mzaa mama. Wanaume, tulieni.

Mpangaji mwenye funguo za kifo

Kwanza tukubaliane kwamba seli kufa si mkosi. Ulipokuwa tumboni, mikono yako ilianza kama makasia. Ukapata vidole kwa sababu seli zilizokuwa katikati yake zilikufa kwa mpango. Kuna kamnyoo kadogo ambako watafiti hukapenda sana kwa sababu kanapokua hutengeneza seli za mwili 1,090, na 131 kati ya hizo lazima zife, zile zile kila mara, kama ratiba. Sydney Brenner, Robert Horvitz na John Sulston walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2002 kwa kazi waliyofanya na kamnyoo hako.

Kifo cha aina hii kinaitwa apoptosisi. Jina lilitolewa mwaka wa 1972 na John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, kutoka neno la Kigiriki linaloeleza majani yanavyopukutika mtini. Jina zuri, lakini halikujibu swali kubwa: nani hubonyeza kitufe?

Jibu lilianza kuja mwaka wa 1996, kutoka maabara ya Xiaodong Wang kule Marekani. Walikuwa wanatafuta kitu gani ndani ya seli huwasha kifo. Wakaangukia protini ambayo kila mtu alikuwa anaijua kwa kazi nyingine kabisa: sitokromu c. Hii hukaa ndani ya mitokondria ikipitisha elektroni ili ATP itengenezwe. Fundi wa stima tu, mtu wa kawaida. Lakini ikitoka nje ya mitokondria, protini ile ile inageuka kuwa amri ya kifo.

Ikishatoka, inashikana na protini nyingine iitwayo Apaf-1. Jozi saba za namna hiyo zinajipanga kama gurudumu, na gurudumu hilo linawasha vimeng’enya viitwavyo kaspesi. Kaspesi ndizo tingatinga. Zinakata fremu ya seli, zinaachilia visu vingine vinavyokatakata DNA, seli inasinyaa na kugawanyika vifurushi vidogo vilivyofungwa vizuri. Majirani wanavimeza. Hakuna kelele, hakuna vumbi. Ubomoaji ambao hata mpita njia hatambui, si ule tuliouzoea wa usiku wa manane.

Bila shaka mlango wa mitokondria hauachwi wazi hivi hivi. Kuna protini ziitwazo BAX na BAK ambazo zikipata nafasi hutoboa ukuta wa nje ili sitokromu c itoke. Kuna walinzi, mkubwa wao akiitwa BCL-2, ambao kazi yao ni kuwashika hao watoboaji mikono. Kila dakika, ndani ya kila seli yako, pande hizo mbili zinasukumana. Seli ikiharibika DNA kiasi cha kutotengenezeka, watoboaji wanaongezewa nguvu, mlango unatobolewa, basi.

Halafu kuna jambo ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote. Kufa vizuri kunahitaji tokeni. Gurudumu lile la saba haliundwi bila nguvu. Seli ikiishiwa ATP kabisa, haiwezi hata kujiua kwa heshima. Inavimba, inapasuka na kumwagia majirani takataka zake zote. Hiyo huitwa nekrosisi, na ndiyo huwasha uvimbe na maumivu. Kwa hiyo mitokondria haiamui tu kama seli itakufa, huamua pia itakufa namna gani.

Saratani imeujua mchezo huu zamani. Mwaka wa 1988 kule Melbourne, Australia, David Vaux, akiwa bado mwanafunzi, pamoja na Suzanne Cory na Jerry Adams, walionyesha kwamba jeni ya BCL-2 haifanyi seli za saratani zizaane kwa kasi, inazikataza kufa. Ni kama kuajiri mabaunsa wengi mlangoni. Ilichukua karibu miaka 30 kupata dawa ya kuwaondoa mabaunsa hao: venetoclax, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2016 kwa aina moja ya saratani ya damu. Dawa hiyo haiingii kuipiga seli ya saratani ngumi. Inamshika tu mlinzi, halafu mitokondria inamaliza kazi yenyewe.

Seli shina hupika kwa jiko la makaa

Seli shina ni seli ambazo bado hazijachagua kazi. Zinaweza kujizalisha, na zinaweza kutoa seli nyingine zenye kazi maalumu. Zile za kwenye uboho, ndani ya mifupa yako, ndizo chanzo cha damu yote. Uboho hutoa takriban seli nyekundu milioni mbili kila sekunde. Soma tena hiyo. Kila sekunde.

Ungefikiri seli yenye jukumu kama hilo itakuwa imewasha mitokondria zake zote. Kumbe la. Seli shina za damu hujificha pembe za uboho zenye oksijeni kidogo na hupata nguvu zake nyingi kwa njia ya kizamani, ya kuvunja sukari bila oksijeni. Ni kama mtu mwenye stima ukutani lakini anapika kwa jiko la makaa. Kwa nini? Kwa sababu mitokondria ikifanya kazi hutoa moshi, yaani molekuli za oksijeni zenye hasira ambazo huunguza protini na DNA. Seli ya kawaida itaishi siku au miezi, ikiungua si neno. Seli shina inatakiwa kukuhudumia miaka 70. Inaupunguza moto kwa makusudi. Siku ikiamua kuwa seli ya damu, ndipo mitokondria zinaamshwa kikamilifu.

Shinya Yamanaka wa Japani alipoonyesha mwaka wa 2006 kwamba seli ya kawaida ya panya inaweza kurudishwa utotoni kwa kuongezewa jeni nne tu, watu walisisimkia hizo jeni. Akapata Nobel mwaka wa 2012 pamoja na John Gurdon. Waliochungulia ndani zaidi waliona kwamba seli ikirudi utotoni, mitokondria nazo hubadilika: zinapungua ukubwa, mikunjo inakuwa michache, na seli inarudia jiko lake la makaa.

Tukifika kwenye tiba yenyewe, mambo huharibika hapo hapo. Tuchukue moyo. Mtu amepata mshtuko wa moyo, mshipa umeziba, sehemu ya misuli imekufa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 madaktari wamejaribu kuingiza seli mahali hapo wakitumaini zitajenga misuli mipya. Matokeo kwa jumla yamekuwa ya kuvunja moyo, na sababu mojawapo ni hii: seli nyingi zilizoingizwa hufa ndani ya siku chache. Fikiria umezitoa seli kwenye maabara zilikokuwa zinadekezwa kwa joto, sukari na oksijeni, ukazitupa kwenye kidonda kisicho na damu, chenye tindikali na uvimbe. Mitokondria zake zinajaa kalsiamu kupita kiasi, ukuta unaachia, amri ya kifo inatoka.

Hata kurudisha damu kwenyewe kuna hatari. Unajua vile stima ikipotea hakuna kinachoungua, lakini ikirudi kwa kishindo ndipo friji inakufa? Ni hivyo hivyo. Damu ikirudi ghafla kwenye misuli iliyokosa oksijeni, mitokondria hutoa ule moshi kwa wingi na seli zilizokuwa zimevumilia giza zinakufa baada ya mwanga kuwaka. Ndiyo maana maabara kadhaa siku hizi huzizoesha seli shina shida kwanza, kwa kuzikuza kwenye oksijeni kidogo kabla ya kuziingiza mwilini. Za mtaani hudumu kuliko za kudekezwa, tulilijua hilo bila maabara.

Zawadi inayopita kwenye mrija

Hapa stori inageuka kwa namna ambayo hakuna aliyetarajia. Mwaka wa 2004 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walieleza vimirija vyembamba sana ambavyo seli hunyoosha kufikia jirani na kupitishiana vitu. Miaka miwili baadaye, Jeffrey Spees, Darwin Prockop na wenzao walichukua seli ambazo mitokondria zake zilikuwa mbovu kabisa, wakaziweka karibu na seli kutoka uboho. Baadhi ya zile mbovu zikaanza kupumua tena. Zilikuwa zimegawiwa mitokondria nzima nzima na majirani.

Mwaka wa 2012 kundi la New York likaonyesha jambo kama hilo ndani ya panya walioumizwa mapafu: seli za uboho zilijishika kwenye vifuko vya hewa, zikatoa mitokondria zao, na panya wakapata nafuu. Maana yake ni nzito. Inawezekana kwamba mara nyingine seli shina hazisaidii kwa kugeuka kuwa tishu mpya, kama matangazo yanavyodai, bali kwa kumwongezea jirani tokeni kabla hajafa. Kisha zenyewe zinapotea.

Kama ni hivyo, kwa nini usipeleke mitokondria moja kwa moja? Hilo ndilo walilofanya James McCully na Sitaram Emani kwenye hospitali ya watoto ya Boston. Walikuwa na watoto ambao mioyo yao ilikosa damu karibu na wakati wa upasuaji, ikashindwa kupiga vizuri, na sasa walikuwa wanaishi kwa mashine. Madaktari walikata kipande kidogo cha msuli wa tumbo la mtoto huyo huyo, wakatenga mitokondria, na kuzidunga kwenye moyo wake. Ripoti yao ya 2017 ilikuwa ya watoto watano. Wanne walitolewa kwenye mashine.

Nikisema hivyo najua kuna mtu tayari anatafuta bei. Tulia. Watoto watano bila kundi la kulinganisha nao ni mwanzo wa swali, si jibu. Kuna wanasayansi wanaouliza, na wana haki, vipi mitokondria iliyotolewa ndani ya seli inaweza kuishi nje kwenye majimaji yenye kalsiamu nyingi kuliko ilivyozoea. Mabishano hayo yangali moto.

Selimundu, na anti yangu wa Kisumu

Kuna ugonjwa mmoja ambapo tiba ya seli shina imefika mbali kweli, na ni ugonjwa wetu kabisa. Selimundu imezagaa magharibi mwa Kenya na Pwani kwa sababu ya malaria. Ukirithi jeni yake moja unapata kinga kiasi dhidi ya malaria kali, ukirithi mbili unapata ugonjwa. Hata humu mitokondria hazikosi kujitokeza. Seli nyekundu ya kawaida, kabla haijakomaa, hutupa mitokondria zake zote ili ibaki mfuko mtupu wa kubebea oksijeni. Kwa wagonjwa wa selimundu, watafiti wamekuta seli nyekundu nyingi ambazo zimeshindwa kuzitupa, na mitokondria hizo hubaki humo zikitoa moshi.

Mwaka wa 2019 Victoria Gray wa Mississippi akawa mgonjwa wa kwanza wa selimundu Marekani kutibiwa kwa mkasi wa jeni uitwao CRISPR. Seli zake shina zilitolewa, zikarekebishwa maabarani ili ziwashe tena himoglobini ya utotoni, ile tunayozaliwa nayo kisha ikazimwa, halafu zikarudishwa. Lakini kabla ya kurudishwa, alipewa dawa kali iitwayo busalfani ya kufagia uboho wa zamani. Seli shina za zamani zinaharibiwa DNA. Nyingine zinakufa, nyingine zinazeeka ghafla na kuacha kuzaa. Bila kifo hicho hakuna nafasi ya wapya kupanga. Tiba hiyo, Casgevy, iliidhinishwa Uingereza mwezi Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Bei Marekani ni dola milioni 2.2. Hiyo ni zaidi ya Sh280 milioni. Kwa mgonjwa mmoja.

Sasa weka bei hiyo mbele ya anti yangu wa Nyalenda, Kisumu, mwenye kijana wa miaka 14 anayelala na maumivu ya mifupa. Mwaka jana mama mmoja wa chama chao alimletea vipakiti vya unga wa rangi ya pinki. Akamwambia, “Mama Ochi, hii ndiyo ile stem cell ya wazungu, ila ya kunywa.” Sh9,000 kwa boksi, maboksi matatu kwa dozi. Anti akauza mbuzi. Alinipigia kuniuliza kama unga unanywewa kabla au baada ya chai.

“Anti, huo unga ni wa nini hasa?”

“Si wewe ndiye huandika mambo ya sayansi huko kwa mtandao? Niambie wewe.”

Nikamwambia anipigie picha ya boksi. Nyuma iliandikwa dondoo za tufaha na zabibu.

Niliacha chuo muhula wa tatu, lakini hili halihitaji digrii. Seli ya tufaha ni seli ya tufaha. Haijui njia ya kwenda kwenye uboho wa kijana wa Nyalenda. Na hata ingekuwa ya binadamu, ukiinywa inakutana na tindikali ya tumbo, inavunjwavunjwa na kuwa chakula kama omena. Umesoma hapo juu jinsi seli zilizodungwa moja kwa moja kwenye moyo, na mabingwa, kwa sindano, zinavyokufa ndani ya siku chache. Halafu mtu akuambie zake zinasafirishwa kwa bodaboda kwenye jua la Kisumu na bado zi hai? Hiyo noma, bana.

Walau unga utaharisha tu. Sindano ni hatari zaidi. Kule Florida, wanawake watatu waliokuwa wakipoteza uwezo wa kuona walilipa dola 5,000 kila mmoja ili wadungwe machoni “seli shina” zilizotolewa kwenye mafuta yao wenyewe, macho yote mawili siku moja. Kisa chao kilichapishwa na madaktari mwaka wa 2017. Macho yao yaliharibika vibaya, mmoja akawa kipofu kabisa. Na hiyo ni Marekani, wasee, si chumba cha nyuma cha kliniki ya mtaa.

Ukiletewa habari ya tiba kama hii, uliza seli zimetoka kwa nani, zimeingizwa wapi, na nani alihesabu ngapi zilikuwa hai baada ya wiki. Kama ni utafiti, uliza barua ya kamati ya maadili na kibali cha Bodi ya Dawa na Sumu. Ukiambiwa ulipie ili uwe kwenye majaribio, ondoka na wallet yako. Kama ni dawa moja ya magonjwa ishirini, usiulize kitu.

Anti hakurudishiwa pesa. Lakini nilipokuwa nikisoma kwa ajili ya makala haya nilikutana na kitu ambacho nilimtumia siku hiyo hiyo. Ile himoglobini ya utotoni ambayo Casgevy huiwasha kwa dola milioni 2.2, kuna kidonge cha zamani ambacho huiongeza pia, ingawa si kwa kiwango hicho na si kwa kuponya: haidroksiyurea. Mmoja wa vituo vinne vilivyokijaribu kwa watoto wa Afrika ulikuwa Kilifi, hapa hapa kwetu. Vingine vilikuwa Uganda, Angola na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Watoto 606 walikinywa, na matokeo yaliyotoka mwaka wa 2019 yalionyesha maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, vifo vikapungua, hata malaria ikashuka kwa karibu nusu.

Ni dawa ya kuandikiwa na daktari, na lazima damu ipimwe mara kwa mara kwa sababu inaweza kupunguza seli nyeupe. Kijana ana miadi ya kliniki ya selimundu wiki ijayo, Jumanne. Anti ameniuliza kama aende na boksi la pinki amwonyeshe daktari. Nimemwambia aende nalo.